AA 47, PM 41: nirudie ipi kwanza?

SWALI: "Yaya, salamu. Ninatumika kwenye biro ya gharama katika kampuni moja inayohudumia migodi, hapa Lubumbashi. Mwezi wa 9 nilifanya karatasi mbili za ACCA (mitihani ya uhasibu ya Uingereza) kwa mpigo, AA (ukaguzi wa hesabu) na PM (usimamizi wa utendaji), upande wa Copperbelt kule Zambia. Matokeo yametoka: AA 47, PM 41. Nimeanguka zote. Kwenye AA nilijibu kila swali, nikatoka nikijua nimepita. Kwenye PM swali la mwisho sikuligusa, saa ziliisha. Nimebakiza hizo mbili na FM (usimamizi wa fedha) kumaliza ngazi ya pili. Kampuni inalipa ada ya mara ya kwanza tu, kurudia najilipia, na makuta niliyonayo sasa yanatosha karatasi moja. Wenzangu wote wanasema nirudie AA kwa sababu zimebaki alama 3 tu kufika 50 ya kupita. Wewe unasemaje? Au niziache zote mbili nifanye FM kwanza, maana hiyo kampuni italipa?"

JIBU: Mdogo wangu, pole. Rudia PM mwezi wa 12. AA anza kuiandikia mazoezi sasa hivi, kidogokidogo, uifanye mwezi wa 3. FM iache hadi mwezi wa 6.

Najua nakwenda kinyume na wenzako. Ushauri wao si wa kijinga. Ni ushauri ambao mtu yeyote angetoa akioneshwa namba mbili bila kuambiwa zilivyopatikana. Lakini wewe umeniambia zilivyopatikana, na jibu langu lote linaegemea ile sentensi yako moja kwamba swali la mwisho la PM hukuligusa.

Tuitazame PM kwanza. Ina maswali 15 mafupi ya alama 2 kila moja, halafu visa 3 ambavyo kila kimoja kina maswali 5 ya alama 2, halafu maswali makubwa 2 ya alama 20. Wewe uliacha moja la alama 20. Kwa hiyo 41 yako haikutoka kwenye 100, ilitoka kwenye 80. Gawanya uone: ulikuwa unabeba kama 51 katika kila 100 ulizozigombania. Kwenye AA ulijibu kila kitu, na katika 100 kamili ukabeba 47. Karatasi ambayo wenzako wanaiita ya mbali ndiyo uliyokuwa unaifaulu mpaka saa zilipokukatia njiani.

Najua utakachoniuliza: dakika nilizokosa mwishoni si nilizitumia mwanzoni? Nikizipeleka kwenye swali la mwisho, si nitapoteza alama za mwanzo? Utapoteza chache, ndiyo. Ila tazama bei ya dakika. Mtihani ni wa saa 3, yaani dakika 180 kwa alama 100. Kila alama ina dakika 1.8, na swali la alama 2 linastahili dakika tatu na nusu hivi. Maswali hayo mafupi husahihishwa na kompyuta na hayana nusu alama: ama unapata 2, ama unapata sifuri, hata kama hesabu yako ilikuwa sahihi mpaka mstari wa mwisho. Mtu anayeng'ang'ana dakika 9 kwenye swali la namna hiyo ananunua alama 2 za kubahatisha. Swali la alama 20 husahihishwa na binadamu. Anakupa alama za njia hata kama umekosea namba ya kwanza, mradi ulichofanya baadaye kinafuata mantiki. Na alama 6 au 7 za mwanzo za swali hilo ndizo rahisi kuliko zote katika karatasi nzima, kwa kuwa kipengele cha kwanza huwa ni hesabu ya kawaida ambayo umeshaifanya mara nyingi. Wewe uliziacha hizo mezani ukapigania zile ngumu.

Dawa yake haihitaji akili mpya, inahitaji ukali. Sehemu ya kwanza dakika 54, ya pili dakika 54, na maswali makubwa dakika 72. Kwa mtu wa tabia yako ningefanya zaidi ya hapo: ningeanza na yale mawili makubwa, kichwa kikiwa bado kibichi, dakika 36 kila moja. Ikifika ya 36 unahama hata kama sentensi haijaisha. Kompyuta ya mtihani inakuruhusu kwenda mbele na nyuma utakavyo, hakuna anayekulazimisha kufuata mpangilio. Halafu visa, halafu maswali mafupi. Zikibaki dakika 5 na maswali 4 matupu, chagua chochote uweke, maana jibu baya halipunguzi alama. Swali lililoachwa wazi katika sehemu hiyo ni zawadi uliyoikataa.

Usiniamini kwa maneno tu, na usilipe ada kwa maneno yangu. ACCA ina jukwaa la mazoezi la bure, ndani ya akaunti yako, lenye skrini ileile ya chumba cha mtihani na mitihani iliyopita. Chagua mtihani wa PM ambao hujawahi kuugusa, Jumapili hii, simu ikae chumba kingine, saa 3 bila kusimama. Kisha jisahihishe mwenyewe kwa majibu waliyoyatoa, bila huruma. Ukimaliza maswali yote ukapata 50 au jirani yake, basi tatizo lako lilikuwa saa, lipa. Ukimaliza yote ukapata 40, basi saa ilikuwa kisingizio na kuna mada zenye mashimo. Hapo hata mimi ningegeuza ushauri. Angalia kwenye akaunti tarehe ambayo dirisha la kawaida la kujiandikisha linafungwa, maana muda kati ya matokeo na tarehe hiyo ni mfupi, na dirisha la kuchelewa ni ghali zaidi. Ada ni ya paundi. Huna haja ya kuongeza faini juu yake.

Jambo la pili linalonifanya nisimame na PM ni kazi yako. Maswali makubwa ya PM hutoka kwenye maamuzi ya gharama, bajeti na udhibiti, na upimaji wa utendaji. Wewe unakaa kwenye biro ya gharama. Chukua kitu unachokiona kila mwezi kwa wateja wenu: asidi ya kuchenjulia shaba. Tuseme bajeti iliweka kilo 30 za asidi kwa kila tani ya mawe, na asidi ni dola 0.40 kwa kilo. Mwezi huu zimechakatwa tani 1,000 na zimetumika kilo 37,000. Tofauti ni kilo 7,000, yaani dola 2,800, mbaya. Mkuu wa kiwanda anaitwa ajieleze. Anasema mawe ya mwezi huu yalikuwa na dolomiti nyingi, na dolomiti hunywa asidi. Watu wa maabara wanathibitisha kwamba kiwango halisi kwa mawe yale ni kilo 36.

Sasa tofauti inagawanyika. Kutoka kilo 30 hadi 36 kwa tani 1,000 ni kilo 6,000, dola 2,400: hiyo ni tofauti ya mipango, aliyeweka bajeti ndiye ajibu. Kutoka 36,000 hadi 37,000 ni kilo 1,000, dola 400: hiyo ndiyo ya uendeshaji, na hapo mkuu wa kiwanda ana kesi. Jumla inarudi 2,800. Hesabu hiyo ina alama kadhaa, na baada yake swali litakutaka uijadili: je, ni haki kumnyima mtu bonasi kwa dola 2,800 wakati aliyokuwa na uwezo nayo ni 400? Je, nani anaamua kiwango kipya, na asipokuwa mtu huru si kila mkuu atadai mawe yalikuwa mabaya? Mtu wa Katanga hahitaji kitabu kuandika aya mbili juu ya hilo. Wengi huacha sehemu ya kujadili wakakimbilia hesabu nyingine, na PM hupotea hapo kwa wale ambao hata saa haikuwaishia.

Onyo moja tu kuhusu PM: maswali mafupi yanatoka kwenye mtaala mzima. Hakuna kubahatisha mada. Mifumo ya habari, gharama za mazingira, mashirika yasiyo ya faida, vyote vinaweza kuulizwa kwa alama mbilimbili, na ni vyepesi kwa aliyevisoma usiku mmoja mmoja.

Sasa AA, ambayo najua ndiyo inayokuuma, kwa sababu 47 inauma kuliko 30.

Ukaguzi wa hesabu ni karatasi ya kuandika. Visa vyenye maswali mafupi vina alama 30 tu. Alama 70 zilizobaki ni maandishi yako mwenyewe, swali moja la 30 na mawili ya 20. Fanya nami makisio. Mtu aliyesoma kama wewe hupata kama 20 katika zile 30. Ikiwa ndivyo, basi maandishi yote ya alama 70 yalikupa 27. Hiyo si karatasi iliyokosa alama 3. Ni karatasi ambayo kuandika kwake kuko chini ya asilimia 40, na sehemu ya kuchagua majibu ndiyo iliyokuficha. Na kwa kuwa ulijibu kila kitu na ukatoka ukiwa na uhakika, inaelekea hukuona ulipokuwa unapoteza. Mtu wa namna hiyo akirudi baada ya wiki saba akiwa amesoma kitabu kilekile kwa nguvu zaidi, huandika majibu yaleyale kwa kasi zaidi. Nimeona watu wakipata 47, kisha 46, kisha 48, wakaanza kusema karatasi imelogwa.

Nikuoneshe kwa karibu alama zinakokwenda. Kisa kinasema kampuni imenunua mtambo kwa dola 900,000, na kiasi hicho kimejumuisha dola 60,000 za kuwafundisha mafundi kuutumia. Unaulizwa: eleza hatari ya ukaguzi na hatua ambayo mkaguzi atachukua. Jibu ninalolikuta kwenye madaftari ya vijana wetu, wakitaja IAS 16 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali kama mitambo), ni hili: "Kuna hatari kwamba mali za kudumu zimeandikwa vibaya. Kampuni inapaswa kufuata IAS 16." Hakuna uongo ndani yake, na linapata nusu alama au sifuri.

Jibu linalolipwa: "Dola 60,000 za mafunzo zimewekwa ndani ya gharama ya mtambo. IAS 16 hairuhusu mafunzo kuwa sehemu ya gharama ya mali. Kwa hiyo mali imezidishwa, matumizi yamepunguzwa na faida imezidi. Mkaguzi apate mchanganuo wa dola 900,000, aoanishe kila kipande na ankara yake, na ahakikishe 60,000 zimehamishiwa kwenye matumizi ya mwaka." Nusu alama kwa kuikamata habari ndani ya kisa, nusu kwa kueleza inaharibu nini kwenye hesabu, alama 1 kwa hatua ya mkaguzi. Mstari mmoja wa jedwali, alama 2. Swali likitaka hatari 8, hizo ni alama 16, na kila mstari unalipwa peke yake.

Ona pia tofauti ya nani anatenda. "Kampuni inapaswa" ni ushauri kwa wakurugenzi, na swali lilitaka kazi ya mkaguzi. Na "mkaguzi atazungumza na uongozi" bila kusema juu ya nini na ili kuthibitisha nini, nayo haina kitu. Ukiyafungua majibu yako ya mazoezi ukakuta "kampuni inapaswa" imejaa ukurasa, umeshampata mwizi wa alama zako.

Kuna na lugha. Wewe, kama wengi wetu, ulisomea uhasibu kwa Kifaransa, na shule zetu zimetufundisha kufungua jibu kwa utangulizi, kufafanua maneno, kisha kuingia kwenye mada kwa heshima, mwishoni hitimisho. Msahihishaji wa ACCA hana alama hata moja ya utangulizi wako. Wala hakuadhibu kwa Kiingereza cha kuchechemea, ilimradi anaelewa. Sentensi fupi, kitenzi kimoja, namba kutoka kwenye kisa. Tabia hiyo haijengwi kwa wiki saba za mwisho wa mwaka huku ukibeba na PM. Inajengwa kwa kuandika mistari minne au mitano kila siku asubuhi kabla ya kwenda kazini, kisha kuilinganisha na jibu lao. Ndiyo maana nimesema anza sasa, ila ifanye mwezi wa 3.

Na mwezi wa 3 una faida ambayo hakuna kitabu kitakachokupa. Kwenye nchi za OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara), na Kongo iko ndani tangu 2012, mwaka wa hesabu ni mwaka wa kalenda na hesabu zinatakiwa kufungwa ndani ya miezi 4 baada ya Desemba 31. Kwa hiyo kati ya mwisho wa mwezi wa 12 na mwezi wa 2 wakaguzi watakuwa ofisini kwenu. Omba uwe kwenye timu ya kuhesabu mali ya depo. Mwangalie mkaguzi atakavyofanya: atachukua vitu kwenye orodha akaenda kuvitafuta rafuni, kisha atageuka, achukue vitu rafuni akavitafute kwenye orodha. Wafanyakazi wa depo hudhani anarudia kazi kwa kutowaamini. Kumbe ni majaribio mawili: la kwanza linapima kama kilichoandikwa kipo, la pili linapima kama kilichopo kimeandikwa chote. Ataandika namba za hati za mwisho za kupokea na kutoa mzigo, ili baadaye ajue bidhaa za Januari hazikuingizwa Desemba. Ataulizia filta zenye vumbi zilizokaa kona miaka miwili. Kuhesabu mali ni mada inayopendwa sana kwenye AA, na utakuwa umeiona kwa macho ukiwa unalipwa mshahara.

Utaniambia mwezi wa 3 ni mwezi wa kufunga hesabu, nitakuwa nimechoka. Kweli kabisa, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoiweka PM hapo. PM inadai vikao virefu vya saa 3, wiki baada ya wiki, na vikao hivyo unavipata mwezi wa 10 na wa 11, si wakati wa kufunga mwaka. AA inavumilia kusomwa kwa vipande. Lakini bosi akikataa usiondoke wiki ya kwanza ya mwezi wa 3, isogeze hadi mwezi wa 6 bila kulia, FM ifuate baada yake. Karatasi ulizofaulu ngazi ya pili hazina tarehe ya kuisha, na idadi ya kurudia haina kikomo. Saa inaanza kukimbia ukishafaulu karatasi ya kwanza ya ngazi ya tatu: hapo una miaka 7 kuzimaliza zote, vinginevyo ile ya zamani inafutika. Mtu wa ngazi ile angepata jibu lingine kwangu, kwa sababu angelazimika kutazama kwanza ni karatasi gani iko karibu kufutika.

FM. Wazo la kuifanya kwa kuwa kampuni inalipa ni zuri kwa nusu. Kampuni inalipa mara ya kwanza tu, wewe mwenyewe umesema. Maana yake ni kwamba una tiketi moja ya bure, na ukiitumia ukiwa hujajiandaa, FM nayo inageuka kuwa karatasi ya kujilipia, ya tatu. Itumie ikiwa peke yake mbele yako. Muulize tu mtu wa rasilimali watu, kwa maandishi, kama ahadi hiyo ina mwisho wa mwaka wa bajeti. Ikiwa nayo inaisha Desemba, niandikie tena, tutapanga upya.

Nakuona pia unapiga hesabu ya safari: nikivuka mpaka mara moja nikafanya PM na FM wiki ileile, nimeokoa usafiri na chumba. Umeokoa kweli. Ila mwezi wa 9 ulibeba mbili, na unaona kilichotokea kwa saa zako. Na safari yenyewe uipange kama sehemu ya mtihani. Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani, ni kilomita 90 hivi, hilo si tatizo. Tatizo ni foleni ya malori ya shaba na mvua ya mwezi wa 12. Usivuke asubuhi ya mtihani. Vuka mchana wa siku iliyotangulia, lala upande wa pili.

Mengine kwa haraka. Usitoe pesa kuomba matokeo ya AA yakaguliwe ukitarajia 47 igeuke 50. Ukaguzi ule huangalia kama kila jibu lilisahihishwa na kujumlishwa sawa, haubishani na uamuzi wa msahihishaji. Usichague pia kwa kusikia ipi ni nyepesi: miaka ya karibuni wanaofaulu AA na wanaofaulu PM wote wamekuwa wakizungukia asilimia 40 na kidogo, kwa hiyo hakuna mteremko upande wowote. Na kama kuna aliyekuambia ukifaulu AA upesi utaanza kutia saini hesabu za kampuni hapa nyumbani, mwambie akasome sheria ya 2015 iliyounda ONEC, chama cha kitaifa cha wahasibu wataalamu. Kazi hiyo ni ya walioandikishwa humo, iwe una ACCA au huna. ACCA itakufungulia milango ya migodi na ya ofisi kubwa za ukaguzi, hiyo inatosha kuwa sababu.

Ukifika ngazi ya tatu utachagua karatasi mbili za hiari, na kama utavutiwa na ukaguzi wa juu, ni vizuri AA iwe bado mbichi kichwani. Hilo nalo linakubaliana na kuifanya baada ya PM, si kabla.

Kwa wiki zilizobaki hadi mwezi wa 12 ningekupa kazi hii: Jumamosi swali moja kubwa la alama 20 kwa dakika 36, kwenye jukwaa, ukichapa kwenye jedwali lao na si kwenye karatasi, maana fomula zao na kidole chako vinahitaji kuzoeana. Jumapili mtihani nusu au mzima. Siku za kazi, jioni, maswali mafupi 10 ya mada zile ambazo hupendi. Soma ripoti za watahini wa PM za awamu mbili tatu zilizopita. Wanaeleza bila kuficha watahiniwa walikosea wapi, na utajikuta humo. Asubuhi mistari yako minne ya AA, isizidi dakika 20. Ikizidi, PM itakufa njaa.

Na kabla hujabonyeza kulipa, toa pasipoti uangalie inaisha lini, kisha mwambie bosi leo kwamba siku mbili za wiki ya kwanza ya mwezi wa 12 hutakuwepo. Ukimwambia Novemba, atakuwa ameshampa mwenzako ruhusa.